Kijiwe cha kahawa nyuma ya Michenzani: kahawa kali, ila ukija na nadharia yako njoo na bayina (ushahidi)

Anaetafuta kahawa ya jioni mjini Unguja asikwame Jaws Corner ya Mji Mkongwe tu. Kule pazuri, sikatai, lakini siku hizi watalii wengi, hujafungua mdomo ushapigwa picha. Mimi nakupelekeni Ng'ambo, nyuma ya yale majumba ya Michenzani, ingia njia ya ndani yenye mafundi simu mpaka uone mwarobaini mkubwa umezungukwa na baraza la saruji, hapo hapo. Hakuna kibao wala rangi ukutani, ramani ya kwenye simu usiihangaishe. Ulizia tu kwa Bwana Bayina, mtoto yeyote atakuonesha.

Nianze na kahawa yenyewe nisije nikaambiwa nimeleta hadithi. Buni anakaanga mwenyewe asubuhi, anatwanga mwenyewe, na harufu utaipata kabla hujakata kona. Kahawa chungu khasa, tangawizi ipo lakini haikukabi koo, na dele, lile birika la kahawa, linakaa juu ya makaa muda wote kwa hiyo hupewi kahawa imepoa kama kwengine. Kikombe shilingi mia mbili. Kashata za njugu tamu sana, za nazi ngumu, mwenye jino bovu asijaribu. Siku akiletewa halua kutoka Wete wahi mana wazee wanaimaliza kabla ya magharibi. Kasoro ni vikombe, vyote vinasuuzwa ndani ya ndoo moja na yale maji hubadilishwa pale muuza anapokumbuka, nimemwambia akacheka. Kama wewe mtu wa kinyaa nenda na kikombe chako, wapo wanaokwenda navyo na hakuna anaewasema.

Lakini kahawa nzuri Unguja ziko nyingi, nisingekaa kuandika marefu yote haya kwa ajili ya kahawa. Kinachonirudisha pale ni sheria ya baraza.

Yule muuza kabla ya kahawa alikuwa karani mahakama ya kadhi. Na kule kuna kanuni ambayo aliesoma chuoni anaijua, bayina ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Basi yeye kaibeba vile vile kaileta barazani. Ukija na khabari yako, iwe ya mwezini, iwe ya chanjo, iwe fulani kalogwa na fulani, ushahidi unaleta wewe, si sisi tuhangaike kukuthibitishia kuwa si kweli. Ukishindwa unalinunulia baraza zima raundi moja, na siku ya watu wengi hiyo elfu nne tano inakutoka unaiona. Ile nusu ya pili ya kanuni, ya kiapo, kaiondoa, anasema barazani watu wanaapa wallahi kwa bei ya vibua kwa hiyo kiapo pale hakina uzito.

Mtaona ni mchezo wa wazee wasiokuwa na kazi, lakini kaeni muone inavobadilisha mazungumzo. Vijiwe vyengine mtu anakurushia video ya dakika kumi halafu anakwambia haya nithibitishie kuwa ni urongo, na wewe ndo unabaki kutoka jasho usiku kucha wakati yeye kalala. Pale haendi popote na maneno hayo. Kuna maalim mstaafu wa fizikia, mtu wa pole, siku hiyo akaleta ya Bertrand Russell, yule mwanafalsafa wa Kiingereza, kwamba mwaka 1952 aliandika kuwa yeye anaweza akadai kuna birika la kauri linazunguka jua baina ya dunia na Mirihi, dogo kiasi ambacho darubini yoyote haiwezi kuliona, na hakuna ataeweza kumkanusha, lakini je kwa kuwa hakanushiki ndo ana haki ya kuaminiwa? Muuza akanyanyua dele lake akauliza, na hili je maalim, nalo linazunguka? Baraza likacheka mpaka domino zikaanguka.

Mjadala mkubwa nilioukuta pale ni wa mwezini. Kijana mmoja fundi simu, hodari wa kazi yake, simu yangu kaitengeneza yeye na inakwenda mpaka leo, akaja na video zake kuwa Wamarekani hawajafika mwezini, walijirekodi studio tu, bendera inapepea wakati kule hakuna upepo na nyota hazionekani hata moja. Mzee mmoja akamkata kauli, "mjukuu wangu weye hujui kitu, hapa hapa Unguja, Tunguu, palikuwa na kituo chao wakizungumza na hao wa angani, miye nimepaona kwa macho yangu."

Na hilo la Tunguu ni kweli jamani, vijana wengi hawalijui. NASA, shirika la Marekani la mambo ya anga, walikuwa na kituo cha mradi wa Mercury, ule wa kurusha watu angani, pale, kwa makubaliano ya mwaka 1960 baina ya Marekani na Uingereza, wakati Uingereza bado iko juu ya vichwa vyetu. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, akishapita juu ya Kano kule Nigeria kituo cha Afrika kilichofuata kuzungumza nae ni Zanzibar. Na nadharia zilikuwepo hata wakati ule, watu waliandamana kukipinga, wengine wakiamini kuwa ni pahala pa makombora na wala si pa kuskiliza vyombo vya angani. Yakaja Mapinduzi Januari 1964, serikali ya Mzee Karume ikataka kiondoke, na Aprili mwaka ule ule kikaondoka.

Nkajua mchezo umekwisha, mzee kashinda. Kumbe bado. Maalim akamgeukia mzee kwa adabu zote, akamwambia mzee wangu bayina yako nzuri lakini si ya kesi hii. Tunguu inathibitisha kuwa 1962 Wamarekani walirusha mtu akaizunguka dunia. Mwezini ni Julai 1969, na wakati huo Tunguu hakuna kituo tena. Mzee alinuna! Muuza akaamua kwa kuwa mzee kasema kweli ila kaileta pasipo pake basi alipe kikombe kimoja tu cha maalim, na akalipa, huku ananung'unika kuwa watoto wa skuli siku hizi hawana heshima, na huyo maalim mwenyewe ana miaka sabini.

Hapo ndo nilipoipenda ile baraza, mana kwengine aliye upande wa ukweli anaachiwa apite na ushahidi wowote ule. Kisha maalim akafanya kitu ambacho wabishi wengi hawakifanyi, akasema haya, hata "walifika" ni dai, kwa hiyo na sisi zamu yetu kuleta. Akaleta. Kilo 382 za mawe na mchanga kutoka safari sita za Apollo zilizotua mwezini, zimepimwa na wataalamu wa nchi mbalimbali. Vioo vilivyoachwa na Apollo 11, 14 na 15 ambavyo mpaka leo watu wanavipiga kwa miale ya leza kutoka duniani na mwale unarudi, wanapimia umbali wa mwezi. Wasovieti, ambao walikuwa wakishindana nao na wana vyombo vyao vya kuskiliza, hawajasema kuwa ni urongo, na wao ndo wangekuwa wa kwanza kufurahi. Chombo cha NASA kiitwacho LRO ambacho tangu 2009 kinauzunguka mwezi na kimepiga picha pale walipotua, mpaka njia za miguu zinaonekana. Bendera ilitiwa kijiti kwa juu ili ikae wazi, ndo mana ina mikunjo kama kitambaa kilichotoka sandukuni. Ama nyota, akamwambia kijana, weye fundi wa kamera, piga picha hapa hapa, mtu akae chini ya taa kali na mbingu nyuma yake, utwambie nyota ngapi zimetoka.

Yule kijana akapiga. Akaangalia simu muda, akaipitisha kwa watu, hakuna hata nyota moja. Akasema haya nyota nimeziacha, lakini hizo picha za LRO si zao wenyewe hao hao? Na mawe wanashindwaje kuyatengeneza? Na Warusi walilipwa. Muuza akasema vizuri, sasa una madai matatu mapya na kila moja linataka bayina yake, weye unalipa deni la dukani kwa kukopa duka jengine. Raundi aliilipa kwa mafungu mawili. Kuamini hajaamini na anasema wazi, na anakaa pale kila siku, hakuna aliemfukuza wala kumwita mjinga, mimi naona hilo ni la kusifiwa mana kwengine saa hizo watu washatukanana wazee wao.

Ya dunia bapa haikuchukua muda. Alieileta aliulizwa na bwana mmoja mwenye asili ya Kigoma, kwa nini mwezi wa Ramadhani sisi hapa tushafuturu tuko kwenye uji na ndugu zake Kigoma bado jua wanaliona, wapate kungoja nusu saa na zaidi, na saa zetu ni moja. Akajibu jua ni dogo linazunguka juu kama taa. Akaulizwa basi lingekuwa linapungua tu likienda mbali, mbona pale Forodhani tunaliona linazama nusu nusu na ukubwa wake ule ule? Alilipa bila ya kelele, nafikiri alikuwa na haraka ya mpira.

Msidhani lakini kuwa kila mwenye shaka anashindwa pale, ingekuwa hivo nisingekwenda. Jioni moja bwana mmoja wa makamo alisema chanjo ni njama. Watu washaanza kuhesabu vikombe. Akaulizwa bayina, akasema kwa utulivu kabisa, Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972, serikali ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila ya kuwatibu ili waangalie maradhi yanavokwenda, na penisilini ishajulikana tangu miaka ya arubaini. Na Pakistan, 2011, CIA, majasusi wa Marekani, walitumia zoezi la chanjo kama pazia wakimtafuta Osama bin Laden. Maalim akasema yote mawili kweli, na yote mawili yana karatasi zake, magazeti yaliiandika ya Tuskegee 1972 kwa sababu mtu wa ndani alitoa nyaraka, na hii ya Pakistan Wamarekani wenyewe walikuja kuahidi kuwa hawatoifanya tena. Muuza akatoa hukumu, huyu halipi. Kahawa akapewa bure.

Halafu yule bwana akazidisha, akasema kwa hiyo na hizi wanazochomwa watoto wetu hapa ni zile zile. Hapo muuza akamzuia, bayina ya Alabama ni ya Alabama, kwa hapa uliza maswali yote unayotaka na una kila sababu ya kuuliza, lakini ukisema "ndivo ilivo" lete ya hapa. Hakuwa nayo. Akalipa, ile kahawa ya bure ikamtoka puani.

Na kuna suala moja ambalo mimi naona baraza halijalimaliza na ndo kubwa kuliko yote. Kama ushahidi uko mkononi mwa yule yule unaemtuhumu, utauletaje? Alieuliza hivyo alikuwa kijana mwenye asili ya Pemba na hakuna aliecheka, mana sote tulijua anazungumza nini. Meli ya Spice Islander, Septemba 2011, ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli ruhusa yake abiria mia sita na kitu. Hesabu za siku za mwanzo zilikuwa ndogo, na watu wakawa wanasema si kweli, hesabu haiingii, mtaa mmoja tu umepoteza watu kadhaa. Wakati ule ungeweza kuwaambia hao nao wana nadharia zao, lete bayina. Orodha ya abiria ingetoka wapi na meli ilijazwa ovyo? Tume ya uchunguzi ilipokuja kutoa ripoti ikasema melini walikuwemo zaidi ya watu 2,000. Kwa hiyo wenye shaka walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko karatasi ya mwanzo.

Muuza alifikiri sana pale, na jibu lake lilikuwa kwamba mwenye daftari ndo mwenye wajibu wa kulifungua, asiyekuwa nalo wajibu wake ni kuomba lifunguliwe na kuleta alichonacho, na wale watu wa Pemba walikuwa na majina, fulani bin fulani alipanda na hajarudi, na jina ni bayina. Mwenye daftari akikataa kufungua hilo nalo linaandikwa dhidi yake, lakini kukataa peke yake hakukwambii ndani kumeandikwa nini. Maalim akakubali nusu. Mimi pia nusu. Mana mnakumbuka umeme ulipokatika Unguja nzima kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu giza, kila baraza lilikuwa na sababu yake na njama yake, na sehemu ya lawama ile naiweka kwa watu kutopewa maelezo ya kutosha kwa wakati, mtu akikaa gizani miezi mitatu bila ya maelezo atajitungia. Huwezi kumdai bayina mtu uliemnyima khabari. Nilisema hivo barazani, muuza akaniambia hilo ni dai, nikamwambia naam, na naliacha hapo mlijadili.

Anaedhani haya yote ni maskhara ya kahawa amuulize muuza kuhusu 1995. Wa umri wetu tunaikumbuka popobawa, lile shetani lililosemwa kuwaingilia watu usiku, ilianzia Pemba ikaja Unguja, watu wanalala nje kwenye baraza na viambazani kwa vikundi, moto unawaka usiku kucha, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi wengine wanasema hiyo siasa, kaileta upande fulani, na upande wa pili unasema kaileta upande ule. Kila mtu anajua mtu ambae kamjua mtu alieingiliwa. Na mjini hapa akauliwa mtu na kundi la watu waliosema huyu ndie, na alikuwa mgonjwa wa akili maskini ya Mungu. Muuza anasema siku ile hakuna aliesimama akauliza bayina iko wapi, na yeye anasema alikuwa barobaro wakati ule, na hazungumzi zaidi ya hapo. Ile sheria yake ya vikombe mimi naona imetokana na hilo zaidi kuliko na ukarani, ingawa hajaniambia.

Haya, kasoro nyengine nisije nikaonekana nimelipwa. Kadhi wa baraza ni mmoja, yaani muuza, na anampendelea maalim, hilo liko wazi, maalim akisema "inajulikana" anapita lakini mwengine akisema "inajulikana" anaulizwa inajulikana na nani. Wanawake hawakai pale, na mama anaeuza mihogo upande wa pili wa njia anayaskia yote na majibu anayoyatupa akiwa anakaanga ni makali kuliko ya baraza zima, ila hesabuni hayumo, naona hasara kubwa. Sehemu ya kukaa ni saruji tupu, baada ya saa moja kiuno kinauma, chukua kigodoro. Mbu wapo. Masika usiende, mwarobaini hauzuii mvua. Siasa za vyama muuza hazitaki kabisa ukikaribia uchaguzi, anasema hizo raundi zake hazilipiki, na mimi naona ni uoga kidogo mana hizo ndo zinazotaka bayina kuliko za mwezini, lakini baraza lake, riziki yake.

Nampa nyota nne. Ya tano ataipata akinunua ndoo ya pili.

Anafungua baada ya laasiri mpaka saa nne usiku, Ramadhani anaanza baada ya tarawehe na anaendelea mpaka karibu na daku. Nenda na chenji, noti ya elfu kumi atakwambia kaivunje kwa mama wa mihogo. Vespa usiegeshe mbele ya lile geti la kijani, mwenye nyumba anamwaga maji.